Kurasa Tano za Kubeba

Babu alifariki wakati njia ya Butembo ilikuwa imefungwa. Hilo ndilo neno la kwanza ninalolisema kila ninapotaka kujitetea, kwa hiyo naliweka hapa mwanzoni ili nisilitumie tena. Wazee wanaoujua ukoo wetu kwa kichwa wako huko juu, Butembo na Beni, na hakuna hata mmoja aliyeweza kushuka kuja kumzika. Tulibaki sisi wa Goma: baba mkubwa ambaye ni mtoto wa kwanza wa babu, shangazi anayemfuata, na wajukuu ambao tunajua majina ya wachezaji wa mpira kuliko ya mababu zetu. Baba yangu mwenyewe alishatangulia.

Katika familia yetu, siku ya kuondoa matanga, watoto wa marehemu huitwa mmoja mmoja kwa zamu ya kuzaliwa. Anayeitwa anasimama, anaenda mbele, anawasha mshumaa karibu na picha. Mzee mmoja wa ukoo ndiye huita, na haangalii karatasi. Safari hii mzee wa kuita hakuwepo, ndipo shangazi akaniangalia.

"Wewe si unajua mambo ya kompyuta?" aliniambia. "Tengeneza kitabu. Kidogo, lakini kizuri. Batu wakikamate kwa mukono waseme kweli huyu muzee alikuwa na batu."

Sikusoma chuo. Nilimaliza sekondari, basi. Mambo ya kupanga kurasa nilijifundisha mwenyewe kwa simu na kompyuta moja ya zamani isiyo na herufi ya kwanza kwenye kibodi. Inabidi kubonyeza kile kidude cha mpira kilichobaki chini yake. Ninafanya kazi kwenye kibanda cha fotokopi upande wa Birere, ninatengeneza mialiko ya harusi na programu za mazishi. Wateja wananipenda kwa sababu sikosei, na hawajui bei ya kutokosea. Nikiona herufi imekaa vibaya ninachapisha upya kazi nzima kwa karatasi zangu. Kuna duka moja ambalo kibao chake kimeandikwa vibaya, na ili nisikione ninapita njia nyingine, ile yenye mawe makali ya volkano, hata mvua ikinyesha. Nasema haya ili ieleweke kwamba sikukosea kwa uzembe. Ningependa iwe hivyo. Mtu mzembe anasamehewa haraka.

Nilijua pa kwenda. Upande wa Himbi kuna kituo cha utafiti chenye maktaba, na ndani ya maktaba ile kuna jalada lililopigwa kwa taipu na mwalimu mmoja mstaafu. Miaka mingi alitembea nyumba kwa nyumba akiuliza familia za wafanyabiashara walioshuka na njia kutoka Butembo: nani alimzaa nani, wapi, kwa mama yupi. Jalada lile nililigundua mwaka mmoja kabla, nilipokuwa natafuta kitu kingine, nikaona jina la ukoo wetu kwenye orodha ya yaliyomo, na nikatembea siku nzima nikiwa na furaha ambayo sikumwambia mtu.

Ndani ya jalada, mbele kabisa, imebandikwa kadi. Inasema kwamba kazi hiyo ni mali ya mwandishi, haiazimwi, haitoki nje ya chumba, haipigwi picha. Msomaji anaweza kupewa fotokopi ya kurasa tano kwa matumizi yake mwenyewe, na akitaka zaidi amwombe mwandishi kwa maandishi.

Mama wa maktaba aliniona nikiisoma kadi mara ya pili.

"Ni sheria," alisema. Alikuwa na karanga ndani ya mtoto wa meza, chini ya tangazo linalokataza kula. "Haki ya mwandishi. Tena ule mwalimu alituomba yeye mwenyewe. Batu walimuambia mambo ya ndani ya nyumba zao. Aliwaambia haitatembea njiani."

"Hata majina ya babu zangu ni mali yake?"

"Majina ni yenu. Namna aliyapanga, na ile anasema juu yao, ni yake. Kurasa ngapi unataka?"

"Zote."

Alicheka, akatafuna karanga. "Basi utapata tano."

Nilichukua muda kuchagua, kama mtu anayegeuza nyanya sokoni asipewe iliyooza. Nilitaka ukurasa wa chimbuko la ukoo, wa babu wa babu, mbili za katikati, na wa tano uliokuwa na babu mwenyewe na watoto wake. Huo ndio uliokuwa na kazi. Kwetu jina la mtoto hufuata zamu yake katika tumbo la mama yake. Mvulana wa kwanza ana jina lake, msichana wa pili ana lake, na kuendelea, ndiyo maana katika mkutano wowote wa watu wetu ukiita jina moja wanageuka watu kumi. Kwenye ukurasa ule watoto wa babu walishuka mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na zamu yake, mpaka wa mwisho. Halafu, chini kabisa, kwenye mstari wa mwisho wa ukurasa, lilitokea tena jina la mvulana wa kwanza. Jina la baba mkubwa. Na hapo ukurasa ukaisha.

Nilifikiri mpiga taipu alichoka, mkono wake ukarudi juu. Nilipofika nyumbani na fotokopi zangu nilichukua penseli nikalikata lile jina. Niliona fahari, siwezi kuificha. Mwalimu mzima, miaka yote ile, na mimi wa kibanda cha fotokopi nimekamata kosa lake.

Sasa lazima niseme lile ambalo sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Mama wa maktaba alipokuwa akinyanyua jalada kulirudisha kabatini, karatasi iliyofuata iligeuka kidogo. Juu yake niliona neno moja: Kiwanja, jina la mji ulio kwenye barabara ya Butembo. Ninalijua neno hilo. Nilipokuwa mtoto, mtu akitaja Kiwanja mbele ya bibi yangu, hata kama anataja bei ya vitunguu tu, bibi alikuwa anainuka kwenda kutazama sufuria, hata siku ambayo hakuna moto jikoni. Na babu alikuwa mtu wa barabara, akipeleka maharage na kahawa, akilala njiani. Mtoto hajui, lakini anaona nani ananyamaza.

Niliona neno, na sikuomba ukurasa urudishwe. Niliangalia saa ya ukutani. Nilijiambia kwamba kurasa zangu tano zimekwisha.

Kijitabu kilitoka kizuri. Hilo ndilo linaloniuma. Nilichapisha kwa karatasi nene, picha ya babu kwenye jalada, watoto wake kwenye ukurasa wa pili kwa herufi zilizonyooka. Shangazi alikibusu. Alisema hata huko Ulaya hawatengenezi hivi, ingawa hajafika Ulaya. Binamu zangu walikipiga picha ukurasa kwa ukurasa, na kabla hata siku yenyewe haijafika kilishakuwa kwenye simu za Beni na Butembo, kwa wale walioshindwa kuja.

Siku ya kuondoa matanga tulifunga turubai uani, tukakodi viti vya plastiki, kwaya ikaja na ngoma zake. Katekista wa mtaa ndiye aliyepewa kazi ya kuita. Alishika kijitabu changu kwa mikono miwili kama kitabu cha misa, akafungua ukurasa wa pili, akaita jina la mtoto wa kwanza.

Wakasimama wawili.

Baba mkubwa alisimama mbele, ndani ya suti yake nyeusi. Na nyuma, karibu na lango, alisimama mwanamume mwenye koti la kahawia na kofia mkononi, viatu vyake vyeupe kwa vumbi la barabara. Sikumjua. Watu walianza kucheka, na kicheko hakikuwa kibaya, kwa maana sote tunajua majina yetu.

"Jina hili!" mtu mmoja wa kwaya alisema. "Ita tena, watasimama hata wanne!"

"Papa, kaa tu," mama mmoja alimwambia yule mgeni kwa upole. "Banaita batoto ya marehemu. Wewe utaitwa kwenu."

"Hapa ni kwetu," alisema yule mwanamume. Hakupandisha sauti. "Niko wa kwanza wa mama yangu. Muzee ni papa yangu."

Mpiga ngoma mmoja alikuwa bado anagonga polepole kwa vidole. Mwenzake akamshika mkono. Shangazi aliinuka. Alichukua kijitabu kilichokuwa mapajani mwake, akafungua, akapitisha kidole chini ya kila jina la ukurasa wa pili, taratibu, watu wote wakimtazama.

"Hapa, hauko," alisema. Kisha akanigeukia. "Mutoto, wewe ndiye ulienda kwa maktaba. Huyu papa iko ndani ama haiko?"

Nilisimama. Nilikuwa na jibu la kweli: sijui, kuna ukurasa sikusoma. Badala yake nilitoa jibu lingine, lililofanana na la kweli, na kwa sababu hiyo lilitoka vizuri bila kigugumizi.

"Sheria iliniruhusu kurasa tano tu," nilisema. "Ni haki ya mwandishi. Kwenye zile tano hayumo."

"Umesikia, papa," shangazi alimwambia. "Sheria."

Katekista alikohoa, akaita jina tena, kana kwamba la kwanza halikuhesabiwa. Baba mkubwa alienda mbele akawasha mshumaa. Kiberiti kilimzimikia mara kadhaa. Hakugeuka nyuma hata kidogo, na wakati ule nilidhani ni heshima ya msiba.

Yule mwanamume alikaa. Alikifunga kijitabu changu, akakiweka mfuko wa ndani wa koti. Ningependa angeondoka kwa hasira, ningepata cha kumlaumu. Alibaki mpaka mwisho. Alisimama kwenye sala, alikula wali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kama wageni wengine, alinawa, akawapa mkono wote waliokuwa karibu na lango. Mimi pia alinipa.

"Kazi nzuri," aliniambia.

Wiki iliyofuata sikufanya kazi ya maana. Nilichapisha mialiko ya harusi ya mtu nikiwa nimegeuza bwana na bibi, mteja akashangaa kuliko kukasirika. Nilisoma kwa simu kila nilichoweza kupata juu ya haki za waandishi, nikitafuta mahali paliposema kwamba nilifanya sawa. Na nilipapata. Nilikuwa sawa kabisa: sikuzidisha ukurasa, sikupiga picha, sikunakili sentensi ya mtu. Nilisoma hivyo nikawa najisikia vibaya zaidi, kwa sababu hakuna mahali popote palipomkataza mtu kufungua ukurasa wa sita na kuusoma pale pale mezani.

Nilirudi Himbi. Mama wa maktaba alinipokea kwa furaha.

"Mwandishi!" alisema. "Shangazi yako alikuja hapa na kitabu chako. Aliacha mbili. Nilishaandika ndani ya rejista, iko na numero. Itakaa kabati moja na ya mwalimu."

Nikamwomba jalada. "Naweza kupewa kurasa nyingine?"

"Tano zako ulibeba. Umuandikie mwalimu."

"Sitaki kubeba. Nataka kusoma."

Alinitazama juu ya miwani. "Kwa kusoma, nani alikukataza? Kurasa tano ni za kubeba. Kusoma unasoma mpaka macho yachoke. Si nilikuambia?"

Labda aliniambia. Sikumbuki, na ninaogopa kukumbuka.

Ukurasa wa sita unaanza na neno Kiwanja. Sentensi za mwalimu sitaziweka hapa. Ni zake, na nimeshajifunza kwa gharama ya mtu mwingine mipaka ni ya nini. Naweza kusema kilichomo tu. Babu alikuwa na mke wa pili, pale Kiwanja, mahali ambapo lori lake lilikuwa linalala. Hakufunga naye ndoa kanisani kwa kuwa kanisani alishafunga na bibi. Alizaa naye watoto wanne. Wa kwanza ni mvulana, na jina lake, kwa zamu ya tumbo la mama yake, ni lile lile la baba mkubwa. Mwalimu alianza kumwandika chini ya ukurasa wa tano, karatasi ikamwishia, akaendelea kwenye iliyofuata. Hakukosea. Kulikuwa na mtu kwenye mstari ule, na mimi nilimpiga penseli.

Nilinakili majina manne kwa mkono wangu, pamoja na jina la mama yao. Mama wa maktaba aliona, akaendelea na karanga zake. Majina ni yetu.

Niliposema nataka kupiga picha moja tu, nimpelekee mtu wa Kiwanja aone, alifunga jalada. "Ukimpiga picha moja, kesho iko kwa simu zote," alisema. "Huyo papa akuje. Nitamuwekea kiti."

Nilienda Kiwanja bila karatasi. Mpaka hapo njia ilikuwa wazi; ilifungwa mbele zaidi. Tulipita Kalengera mvua ikiwa imekatika, watoto wakiuza maembe madogo kando ya barabara, na mimi njia nzima napanga sentensi, nazifuta, nazipanga upya, kama ninavyofanya kwenye kompyuta. Sokoni nilimwuliza mwenye duka la dawa, akanionyesha bila kufikiri. Alikuwa amekaa kwenye gunia la maharage, lile lile koti la kahawia. Mbele yake mwanamke alikuwa anamuuzia maharage mapya. Alichukua punje moja, akaiuma, akaitema upande wa kushoto, akatikisa kichwa kwamba bado ni mabichi. Babu alikuwa anafanya hivyo hivyo, na upande ule ule, na bibi alikuwa anamgombeza kwa kuchafua sakafu.

"Unanunua?" aliniuliza mwanamke alipoondoka. Kisha akanitambua. "Ah. Mwenye kitabu."

"Nimekuja kuomba musamaha, papa."

"Ya nini? Kitabu ni kizuri. Nilikisoma mpaka mwisho. Karatasi nzuri, picha ya muzee imetoka vizuri, hata kovu ya shavu inaonekana. Nilitafuta kosa, sikuona. Ila mimi tu, ndio siko."

"Nimesoma ukurasa unaofuata. Muko mule. Wewe, na wadogo zako, na mama yenu."

Akageuka kumwita mke wake kwenye kibanda cha nyuma. "Mama! Kuja usikie habari ya Goma! Nimepata papa!"

Mke wake alitoka akijifuta mikono kwa kitenge. "Papa gani?"

"Muzee. Huyu mutoto ametoka mbali kuniambia kwamba muzee alikuwa papa yangu."

Walicheka wote wawili. Kilikuwa kicheko cha watu waliolala njaa ya jambo moja miaka mingi mpaka wakalizoea. Mimi nilibaki na sentensi zangu zilizopangwa vizuri, na hakukuwa na pa kuziweka.

"Karatasi iko wapi?" aliniuliza alipotulia.

Nilimweleza. Haiazimwi, haitoki, haipigwi picha. Mwenyewe aende, atawekewa kiti. Alisikiliza akigeuza punje za maharage kiganjani.

"Kwa hiyo mama yangu amefungiwa kwa kabati huko Goma," alisema. "Sawa. Anapumzika. Na kitabu chako, chenyewe, kinatoka?"

"Kilishatoka, papa."

"Najua. Yule wa duka la dawa alinionyesha kwa simu yake. Alisema, si hawa ni batu yako? Juu ya nini hauko? Nilimuambia labda nilikuwa sokoni siku walihesabu." Aliziweka punje kwenye gunia. "Mshumaa niliwasha hapa nyumbani. Muzee haukumukosa. Lakini mimi, mbele ya batu, nilisimama na nikaambiwa nikae."

"Mukuje Goma, papa. Nitawaita wote. Nitasema mbele yao."

"Hapana." Hakukasirika. "Mimi nilishasimama. Sasa ni zamu yenu kusimama."

Jumapili, baada ya misa, nilisimama. Hatukuwa wengi: baba mkubwa, shangazi, binamu kadhaa na simu zao. Nilisema kila kitu, pamoja na lile neno nililoliona juu ya karatasi na kuangalia saa. Shangazi alinisikiliza mikono ikiwa kifuani.

"Siku ile sheria ilikukataza," alisema. "Sasa sheria imebadilika?"

"Haikunikataza, shangazi. Nilijificha nyuma yake."

"Mama yetu alikufa bila hii neno kutajwa ndani ya nyumba yake. Miaka yote alivumilia. Wewe unaitaja juu ya karatasi?"

"Acha mutoto," baba mkubwa alisema.

Alisema polepole, macho kwenye sahani, kwamba alipokuwa mdogo babu alimpandisha lori safari moja, wakalala Kiwanja, na mama wa nyumba ile akamkaangia ndizi, akamfunika na kitenge chake mwenyewe. Kulikuwa na mtoto mchanga mgongoni mwake. Wakati wa kurudi babu hakumwambia anyamaze. Alimwangalia tu, naye akaelewa.

"Siku ya matanga, bila hata kugeuka nilishajua ni nani amesimama nyuma yangu," alisema. "Nilingoja kitabu chako kiseme. Kikasema haiko. Nikachukua mshumaa."

Shangazi alitoka nje, akakaa na mgongo wake kwetu. Na mimi, kwa muda mfupi, nilipata nafuu. Nilifikiri: kumbe si mimi peke yangu. Halafu nikaionea haya nafuu ile kuliko nilivyoonea haya kosa lenyewe. Yeye alikuwa mtoto ndani ya lori, amebeba siri ya wakubwa. Mimi nilikuwa mtu mzima mbele ya ukurasa uliofunguka wenyewe.

Nilitengeneza karatasi ya masahihisho. Niliituma kwenye kundi la familia, na wawili walijibu kwa kidole gumba. Kijitabu cha kwanza kinaendelea kutembea. Binamu mmoja wa Beni ameuweka ukurasa wa pili kwenye fremu, ukutani, juu ya televisheni. Alinitumia picha ili nifurahi. Ukweli wa familia yetu umekaa Himbi ndani ya kabati, kurasa tano kwa kila msomaji, na lile nililokosea mimi halina mpaka wala kadi.

Kwa hiyo nilirudi maktaba na karatasi yangu, nikaomba kukitoa kitabu changu.

"Kikishaingia kwa rejista hakitoki," alisema mama wa maktaba. "Lakini unaweza kuongeza karatasi ndani. Na kadi yake bado ni tupu, nilikuwa nakungoja. Wewe ndiye mwenye haki. Niandike masharti gani?"

Sikuwa nimewaza kwamba siku moja mtu angeniuliza swali hilo. Tulibandika karatasi ya masahihisho mahali pa ukurasa wa sita. Kisha nikamwambia aandike kwamba ukurasa wa watoto haunakiliwi kwa mtu yeyote bila ruhusa ya mtoto wa kwanza wa nyumba ya Kiwanja.

"Lakini yeye si mwandishi," alisema.

"Mwandishi ni mimi. Nimempa yeye."

Alitafuna karanga, akafikiri, akaandika.

Nilimpigia simu yule papa wa Kiwanja nikiwa bado kwenye ngazi za maktaba. Nilimweleza mara mbili, kwa sababu sokoni kulikuwa na kelele.

"Kwa hiyo mutu akitaka kubeba majina ya batoto ya muzee, ataniuliza mimi?"

"Ndio, papa."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Hata kaka yangu mukubwa?"

"Hata yeye."

Nilisikia maharage yakimiminwa kwenye kitu cha bati, kwa muda mrefu.

"Basi mwambie akuje aulize," alisema.

Nilimwambia baba mkubwa siku ile ile. Jumapili iliyopita, baada ya kula, aliniuliza kama njia ya Kiwanja inapitika siku hizi. Nilimwambia inapitika. Aliangalia viatu vyake, akauliza kama huko bado kuna vumbi.